Walisema nyota zetu hazipatani



Wiki hii niliahidi kuandika kuhusu shela, lipi linamfaa bibi harusi mfupi na lipi mrefu. Picha ziko tayari kwenye simu na nitazileta in shaa Allah. Lakini nimerudi juzi kutoka Newala na kuna jambo limenikaa moyoni, nikiliacha lipoe sitaliandika tena. Mnivumilie. Na shela limo humu humu ndani.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua mimi ni mtoto wa Masasi. Nilimaliza kidato cha nne kule, nikasoma ushonaji, nikaja Unguja na cherehani moja na begi la nguo. Kila mwaka ikifika Oktoba nafunga safari ya kusini, kwa sababu ndio msimu wa korosho. Minada ikianza na wakulima wakilipwa, vigelegele vinasikika kila mtaa. Safari hii nilikuwa na magauni matatu, mawili ya Masasi na moja la Newala. Boti mpaka Dar, kisha basi la alfajiri: Kibiti, Nangurukuru, Mnazi Mmoja, Ndanda.

Hatujafika Nangurukuru simu ikaita. Alikuwa bibi harusi wangu wa Newala, mwalimu wa fizikia wa sekondari, binti mpole ambaye wakati wa vipimo alikuwa ananisahihisha mpaka nusu sentimita. Sauti imemkauka.

"Dada, lile gauni usihangaike kulipandisha huku. Mjomba amesema hakuna harusi."

Nikamuuliza kisa. Akasema, "Nyota zetu hazipatani."

Nilikaa kimya mpaka akadhani mtandao umekatika.

Haya sijawahi kuyaandika hapa. Huwa mnaniuliza, tena kwa mapenzi, "Fundi unatushonea sisi, wewe lini?" nami nawajibu kwa kicheko na picha ya ua. Leo nawajibu.

Mwaka 2016 nilikuwa nashonea nje pale Masasi, chini ya mwembe. Alhamisi ya tarehe 1 Septemba jua lilipatwa. Idi Kubwa ilikuwa imebaki chini ya wiki mbili, kazi zimejaa, kwa hiyo watu walipokimbilia barabarani mimi niliendelea kukata. Siku ile mwezi ulikuwa mbali kidogo na dunia, ukaonekana mdogo kuliko jua, na waliokuwa katikati ya njia ya kivuli waliona pete ya moto. Njia yenyewe ilikatisha Afrika kuanzia Gabon, ikapita kwetu na kwenda Msumbiji hadi Madagaska, na kilele chake kilikuwa huku huku kusini, kati ya Tunduru na Masasi, saa sita na dakika saba mchana. Mimi sikutazama juu. Nilitazama kitambaa. Kila tundu dogo kati ya majani ya mwembe lilikuwa linachora picha ya jua juu ya satini yangu nyeupe, na jua lilikuwa limeliwa, kwa hiyo nikaona vihilali mamia, vyote vimeelekea upande mmoja, vinacheza na upepo. Niliweka mkasi chini. Sijapata kuona kitambaa kizuri kama kile tena.

Jumamosi wakaja kuniposa. Yeye alikuwa kijana mwema na bado namwombea mema. Mahari ikakubaliwa, gauni langu nikalishona mwenyewe usiku usiku. Kisha shangazi zake wakapeleka majina yetu kwa mtu wa falaki. Mnajua inavyofanywa. Kila herufi ina namba yake. Wanajumlisha herufi za jina lako na za jina la mama yako, wanatoa kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki ndiyo nyota yako. Majibu yakarudi: yeye Asadi, mimi Akrabu. Moto na maji. Halafu wakaongezea na jua, kwamba posa iliyoletwa wiki ya kupatwa kwa jua ina nuksi. Mahari ikarudishwa. Gauni nililifumua kiunoni, nikalipunguza, nikamuuzia bibi harusi wa Ndanda. Mwaka uliofuata nikapanda boti.

Kisa cha Ibrahim nilikuja kukisikia baadaye, kwenye darsa la wanawake hapa Mjini, na nililia mpaka jirani yangu akanipa kanga. Mtume (S.A.W.) alifiwa na mwanawe mdogo, na siku ile ile jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Naye, pamoja na uchungu wote wa mzazi, hakukubali. Akawafundisha kwamba jua na mwezi ni alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa uhai wake. Wakiona hivyo wasali na waombe. Basi ikiwa halikupatwa kwa ajili ya mtoto yule, lingepatwa kwa ajili ya posa ya fundi cherehani wa Masasi?

Na kuna jambo lingine nililifanya baadaye, kwa ubishi tu. Nyumbani na kwenye cheti nina jina moja, madrasa walinijua kwa jina jingine. Nikakaa na karatasi nikahesabu lile la madrasa. Nikaangukia Mizani, nyota ya upepo. Upepo na moto, wanasema, wanapatana sana.

Kwa hiyo gauni nililipandisha Newala. Sitajifanya mtakatifu, nusu ya pesa ilikuwa bado nje, laki nne na nusu. Lakini hata kama ingekuwa imelipwa yote ningekwenda.

Asiyefika huko ajue kwamba Masasi iko chini, imezungukwa na milima ya mawe myeusi inayosimama peke yake kama vyungu vilivyofunikwa. Newala iko juu, ukingoni kabisa mwa uwanda wa Wamakonde. Gari linapanda, hewa inabadilika, unatafuta mtandio mzito. Pale Shimo la Mungu ardhi inakatika, unaangalia chini mpaka macho yanachoka, na ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji. Juu huko maji yamekuwa shida tangu zamani. Bibi zetu walikuwa wanateremka bondeni kuyafuata na kuyapandisha kichwani.

Nilipokelewa vizuri, nikapewa chai na mihogo, na harusi haikutajwa. Bi mkubwa, mama yake Mwalimu, alikaa kwenye mkeka ameegemea bakora ya mpingo ya marehemu mumewe. Mimi ni mgeni, na fundi, siwezi kuanza. Isha ikaswaliwa. Umeme ulikuwa umekatika, tumewasha taa ndogo ya sola barazani. Mwalimu akasema, "Dada, basi nioneshe hata hilo shela, nilione tu."

Nikalitoa, na kama kawaida yangu nikalinyanyua mbele ya taa. Kitambaa kikiwa mezani kinakudanganya. Kinyanyue kwenye mwanga ndipo utajua nyuzi zake, kama ni neti nzuri au ni ya kuchanika siku ya pili. Mwalimu akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Hivyo ndivyo wanavyozisoma sayari," akasema.

Ninayowaandikia hapa ni yake, na nimemuomba ruhusa.

Alipitisha ngumi mbele ya taa. Mwanga ukakatika mara moja, ukarudi mara moja. Mwezi, alisema, uko hivyo: ukipita mbele ya nyota, nyota inazimika ghafla kama mtu kapuliza kibatari, na hiyo ni dalili kwamba mwezi hauna hewa. Kisha akaivika ngumi ile ncha ya shela na kuipitisha tena polepole. Safari hii taa ilianza kufifia kabla ngumi haijaifikia, maana pindo lilitangulia. Sayari yenye hewa inapita hivyo. Nyota inafifia kwanza ndipo inapotea, na kwa kupima inavyofifia, sekunde kwa sekunde, wataalamu wanajua hewa ya juu ya sayari ile ni nyembamba kiasi gani na ina joto kiasi gani, na hakuna aliyefika huko.

Akatusimulia kisa kimoja ambacho nyie mabibi harusi mtakipenda, kina pete. Tarehe 10 Machi 1977 Wamarekani walipakia darubini kwenye ndege wakaruka usiku juu ya Bahari ya Hindi, hii hii yetu ila kusini kabisa. Walikuwa wanaingojea sayari ya Uranusi ipite mbele ya nyota moja, waipime hewa yake. Mkubwa wao, James Elliot, mitambo yake iliwashwa mapema, kabla ya wakati uliohesabiwa. Sayari bado haijafika, nyota ikafifia kidogo ikarudi. Ikafifia tena, na tena. Sayari ikapita, na upande wa pili nyota ikafifia vile vile mara kadhaa. Zilikuwa pete, nyembamba mno, zimeizunguka Uranusi. Mpaka siku ile Zohali tu ndiyo iliyojulikana kuwa na pete. Wangewasha saa yao ileile waliyopanga, pete za mwanzo zingewapita.

Bi mkubwa alikuwa anasikiliza huku anajifanya hasikilizi.

"Sasa rangi," Mwalimu akaendelea, na hapa mimi kama fundi nilivutiwa. Mwanga ukipita katika shela la kijani unatoka na ukijani wake. Hewa nayo inafanya hivyo, ila ni kwa kunyang'anya: kila aina ya hewa inachukua rangi zake maalumu kutoka kwenye mwanga wa nyota na kuziacha nyingine. Mkimwaga chumvi motoni mnaona moto unakuwa wa manjano. Ni sodiamu iliyo ndani ya chumvi, na rangi hiyo hiyo ndiyo sodiamu ya hewani huinyang'anya. Mwaka 2002 David Charbonneau na wenzake, kwa darubini ya Hubble iliyoko angani, waliikuta alama ya sodiamu katika hewa ya sayari inayozunguka nyota nyingine kabisa, si jua letu. Mwaka uliofuata wengine wakaona kwamba hewa ya juu ya sayari hiyo hiyo, haidrojeni, inavuja na kupotea angani, kwa sababu iko karibu mno na nyota yake. Jina lake baya, HD 209458b, mtu hawezi kumpa mtoto.

"Lakini ipo ya kwetu yenye jina," akasema. Akazima taa.

Dada zangu wa Mjini, sisi tumesahau anga. Newala umeme ukikatika nyota zinakuwa nyingi mpaka unaona haya kuongea kwa sauti. Ilikuwa inaelekea saa tano, na karibu na utosi, upande wa kaskazini kidogo, akatuonesha nyota moja isiyo na makeke. Waarabu waliiita Risha, kamba ya kutekea maji kisimani, na ndiyo fundo linalowafunga wale samaki wawili wa Hutu. Upana wa vidole viwili kutoka hapo kuna nyota ambayo macho hayaioni, inataka darubini. Mwaka 2019 umoja wa wanaanga duniani uliipa kila nchi iliyotaka nafasi ya kuipa jina nyota moja na sayari yake. Zaidi ya nchi 100 zilishiriki. Tanzania ikapewa ile, iliyokuwa na namba tu, WASP-71. Sasa inaitwa Mpingo, na sayari yake inaitwa Tanzanite.

Bi mkubwa akaigonga bakora yake chini. "Mpingo huu?"

"Huo huo, mama."

Sayari hiyo Tanzanite hakuna aliyeiona ikiwa peke yake. Kamera za mradi uitwao SuperWASP, zilizowekwa kisiwa cha La Palma na Sutherland ya Afrika Kusini, ziliona nyota inapungua mwanga kidogo, haifiki hata sehemu moja katika mia, kisha inarudi, na baada ya siku zisizotimia tatu inapungua tena. Kitu kilikuwa kinapita. Mwaka wake ni siku hizo zisizotimia tatu, na uzito wake unapita mara mbili ule wa Mshtarii. Dada yake mmoja, WASP-39b, aliyepatikana na kamera za mradi huo huo, alisomwa hewa yake mwaka 2022 na darubini mpya ya James Webb, wakakuta kaboni dioksidi, ile ile tunayoitoa puani. Na mwanga wa Mpingo unaoingia leo kwenye darubini umesafiri zaidi ya miaka elfu moja. Hapo mimi nikachangia changu: msikiti wetu wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Mwanga huo ulikuwa njiani kabla jiwe lile halijachongwa.

Kimya kidogo. Kisha bi mkubwa akasema neno ambalo mpaka leo nalifikiria.

"Basi na hao wanahesabu, na yule wa mjomba wako anahesabu. Kwa nini niamini hesabu ya Wazungu niiache ya huyu anayesoma Kiarabu?"

Swali zuri. Sikuwa na jibu. Mwalimu akamjibu taratibu, bila kiburi cha shule: "Mama, hawa kwanza wanatazama, halafu wanahesabu. Na wakishahesabu wanampa na mwingine wa upande wa pili wa dunia atazame nyota hiyo hiyo, na wakikosea wanaumbuka mbele ya wote. Huyu wa mjomba hakutoka hata nje kuangalia juu. Kaulizwa nyota, kasoma majina."

"Majina ndiyo mtu," mama yake akasema.

Hapo ndipo nilipoyasema yangu. Sikuwa nimepanga. Nilimweleza mwembe wa Masasi, satini, Asadi na Akrabu, gauni lililoishia Ndanda. Nikamweleza na karatasi yangu ya Mizani. Mwalimu alinishika mkono gizani. Miaka yote ya vipimo hakujua. Bi mkubwa hakunipa pole. Aliniuliza swali moja tu: "Sasa jina lako ni lipi?"

"Yote mawili, mama."

Akanyamaza muda mrefu. Nilisikia bakora inakwaruza sakafu. Halafu akasema, kama anayejisemea, "Mimi jina alilolipeleka ndugu yangu nililipata unyagoni. Mama yangu mzazi aliniita jingine." Wa kusini wenzangu mnaelewa, kule kwetu msichana akitoka unyagoni hutoka na jina jipya, na la utotoni haliitwi tena. "Na yule amehesabu jina la mama. Amehesabu lipi?"

Hakuna aliyemjibu. Tukaingia kulala.

Asubuhi nilipoamka kusali, mkeka ulikuwa mtupu na bakora haipo. Alikuwa ameshakwenda kwa kaka yake, kwa miguu. Alirudi saa nne, jasho limemtoka, akasema mjomba amekasirika, amesema wanawake wa nyumba hii wamekosa adabu, na kwamba atafikiri. Kule kwetu mjomba akisema atafikiri si haba. Akaniambia, "Gauni liache, mwanangu. Usirudi nalo." Akafungua fundo la kanga akanihesabia laki moja.

Nimeliacha. Linaning'inia kwenye kabati la Mwalimu, nimelifunika shuka jeupe kwa ajili ya vumbi. Bwana harusi, kijana wa Masasi, nilipita kumsalimu wakati wa kurudi. Hakuwa na habari ya nyota hata moja, alichotaka kujua ni kama bibi harusi anakula.

Jana usiku Mwalimu ameniandikia. Mjomba amekubali kukaa na imamu Ijumaa baada ya swala. Mama yake naye ameagiza aulizwe fundi kama mikono ya gauni inaweza kushushwa kidogo, maana Newala usiku kuna baridi. Nimemjibu kwamba upindo wa ndani upo, nimeacha sentimita nne.

Mtuombee dua Ijumaa. La shela nitaleta wiki ijayo.